Mwili wa Kuazima: Tuzitazame Picha za Bwana Samuel Fosso



Watu wengi husadiki kwamba kamera haisemi uongo. Mchoraji, wasema, aweza kuchora jambo asiloliona kamwe. Lakini kamera huonyesha tu kile kilichosimama mbele yake. Ndiyo maana twabandika picha zetu katika vitambulisho, na ndiyo maana mahakimu huzipokea kuwa ushahidi. Walakini iko jamii ya picha ambazo tangu mwanzo zimetungwa kama mchezo. Mtu huvaa nguo za mwingine, hukaa mahali palipotengenezwa, hugeuza uso jinsi alivyokusudia, ndipo kamera hupiga. Tunayedhani kuwa twamwona, siye. Je, picha ya namna hii ni uongo?

Tujibu kwanza kwa mfano tunaoujua. Siku ya Ijumaa Kuu vijana wa parokia nyingi huigiza mateso ya Bwana wetu. Yule anayenawa mikono kama Pilato, siku ya pili twamkuta sokoni akiuza chumvi. Hakuna anayemwita mwongo, wala hakuna anayemdai damu ya mwenye haki. Akina mama hulia wanapomwona Petro akikana, ingawa jina la baba yake Petro huyo wanalijua, na deni lake dukani wanalijua pia. Walia kweli, maana mchezo umewaambia wazi kwamba ni mchezo, kisha ukawaonyesha jambo lililo kubwa kuliko waigizaji wake.

Basi, haya ndiyo tutakayoshika katika maneno yetu ya leo: picha ya kuigizwa husema kweli ikiwa inakiri kwamba imeazima mwili wa mtu, huwa uongo inapoficha. Wazee walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Picha njema ya kuigizwa haioni haya kuonyesha kwamba imeundwa.

Jambo hili si geni

Mwaka 1857 Bwana Oscar Gustave Rejlander, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Uingereza, alionyesha mjini Manchester picha moja kubwa iliyoitwa Njia Mbili za Maisha. Ndani yake mzee anawaleta vijana wawili mlangoni pa maisha: mmoja anageukia kamari, ulevi na uzinzi, mwenzake anageukia sala, kazi na matendo ya huruma. Kamera za siku zile hazikuweza kukusanya watu wengi hivyo kwa mara moja. Rejlander aliwapiga picha waigizaji wake kwa vikundi vidogo vidogo, kisha akaunganisha picha zaidi ya 30 hata zikawa moja. Mpangilio wake aliufuata mchoro wa Raffaello uitwao Shule ya Athene. Malkia Victoria alinunua nakala. Wengine walikasirika kwa ajili ya miili iliyo uchi upande wa anasa, na wengine walinung'unika kwamba kamera imeiba kazi ya mchoraji. Manung'uniko hayo hayajaisha hata leo.

Mwaka 1898, huko Marekani, Bwana F. Holland Day alikwenda mbali zaidi. Alijinyima chakula, akaacha nywele na ndevu zikue, akajipiga picha kama Yesu msalabani. Hatusemi kwamba alidhihaki; bidii yake ilikuwa kubwa. Lakini kwa maoni yetu picha zile hazimgusi mtu sana. Day alitaka tusahau kwamba ni Day. Na kadiri anavyotaka tusahau, ndivyo tunavyozidi kumwona yeye: mtu mwenye njaa juu ya mti, akingojea kamera ilie. Alitafuta kufanana, akapoteza fumbo.

Tumewataja hao wawili ili msomaji aelewe kazi ya mtu wa tatu, aliye karibu nasi zaidi, naye amefaulu pale Day aliposhindwa.

Mtoto asiye na picha

Bwana Samuel Fosso alizaliwa mwaka 1962 huko Kumba, katika nchi ya Kameruni. Ukoo wake ni wa Waigbo wa Nigeria. Alizaliwa dhaifu wa viungo. Ilikuwa desturi ya watu wake kumpiga picha mtoto angali mchanga, lakini yeye hakupigwa, kwa sababu ya udhaifu wake. Babu yake, aliyekuwa mganga, alimtibu hata akapata nguvu. Kisha ikaja vita ya Biafra, toka mwaka 1967 hata 1970. Mama yake akafariki, na mtoto akaokoka. Mwaka 1972 jamaa yake fundi viatu akamchukua mpaka Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati, ng'ambo ya mto Ubangi, yaani mkabala na Zongo yetu.

Huko alijifunza kupiga picha, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13 tu, akafungua studio yake mwenyewe. Mchana aliwapiga wateja: maharusi, wanafunzi, watu wa kutafuta pasipoti. Jioni, filamu ilipobaki kidogo, hakutaka ipotee bure. Alifunga mlango, akavaa suruali pana na viatu virefu vya mtindo, akajipiga mwenyewe. Picha nyingine alizituma Nigeria kwa bibi yake, apate kujua kwamba mjukuu wake yu hai na hali yake ni njema.

Tusipite hapa upesi. Mtoto aliyenyimwa picha kwa sababu mwili wake haukupendeza, ameufanya mwili huohuo kuwa chombo cha kazi yake yote. Tena picha zake za kwanza zilikuwa barua: zilikwenda kwa mtu wa mbali kumwambia, niko. Alipoanza baadaye kuigiza watu wengine, hakuiacha kazi hiyo ya barua. Alizidi kutuma habari za watu walio mbali, hata za wale walio mbali kabisa, yaani wafu.

Chifu na ngozi ya chui

Mwaka 1997 kampuni ya maduka ya Tati, ya mjini Paris, ilimwomba atengeneze picha kwa ajili ya sikukuu yake. Fosso akajigeuza watu mbalimbali. Iliyo mashuhuri kati ya hizo ni ile ya Chifu. Amekaa juu ya kiti kilichofunikwa ngozi ya chui, amevaa miwani na mapambo tele shingoni, ameshika maua ya alizeti kana kwamba ni fimbo ya enzi. Nyuma yake vitambaa vya rangi kali vimejaa. Kwanza mtu hucheka. Ndipo asome jina la picha: Chifu, yule aliyeiuza Afrika kwa wakoloni. Kicheko kinakauka.

Sisi watu wa Kongo hatuhitaji mkalimani wa ngozi ya chui. Kwa makabila yetu mengi ni alama ya mtawala tangu kale, na kwa miaka zaidi ya 20 tuliiona juu ya kichwa cha Rais Mobutu, aliyeikimbia nchi mwaka huohuo 1997. Hatusemi kwamba Fosso alimkusudia yeye. Lakini picha njema ni kama methali: aliyeitunga ana sababu yake, na kila kijiji kinamjua wa kumhusu. Tena uzuri wake ni huu, kwamba Fosso hakumwonyesha mwovu kutoka nje. Amejivika mwenyewe ngozi ya mwenye kuuza. Anatuuliza: Nani kati yetu, akipewa kiti kile na mapambo yale, angekataa bei?

Chumba cha rafiki

Mwaka 1997 huohuo, rafiki na jirani yake, mtu wa Senegal, aliuawa huko Bangui na watu wenye silaha. Mwaka 2000 Fosso alifanya mfululizo wa picha kwa kumkumbuka. Mwingine angeigiza vita: bunduki, damu, mlango uliovunjwa. Yeye hakufanya hivyo. Yumo chumbani peke yake, karibu bila nguo, kama mtu aliyeamshwa usiku. Hakuna muuaji pichani, wala jeraha.

Tunapenda kuwaambia wasomaji wasigeuze uso kwa sababu ya mwili usiovikwa. Mtu aliyekamatwa usiku hana nafasi ya kuchagua nguo. Wengi wa mashariki ya nchi yetu wamekimbia nyumba zao katika hali hiyo, nao wataelewa picha hizi kuliko wajuzi wa Ulaya. Fosso hakutuambia jinsi rafiki yake alivyouawa. Ametuambia jinsi ilivyo kuwa mwili unaosikiliza hatua za miguu nje ya mlango.

Mizimu ya Afrika

Sasa tufike kwenye kazi yake iliyo kubwa. Mwaka 2008 alitoa picha 14, nyeusi na nyeupe, akaziita kwa Kiingereza jina ambalo sisi twaweza kulisema hivi: Mizimu ya Afrika. Ndani yake amejifanya watu mashuhuri wa Afrika na wa watu weusi wa Marekani: Kwame Nkrumah, Léopold Sédar Senghor, Haile Selassie, Nelson Mandela, Martin Luther King, Malcolm X, Angela Davis na wengine. Kila picha imefuata picha halisi inayojulikana. Jina la mizimu lisimtie mkristo hofu. Hapa hapana kafara. Ni watu tunaowakumbuka, na wengine kati yao walikuwa hai bado Fosso alipowaigiza.

Tuchukue moja: Muhammad Ali, mpiganaji wa ngumi. Mwaka 1967 alikataa kwenda kupigana vita ya Vietnam, akanyang'anywa taji lake. Mwezi wa Aprili 1968 gazeti la Esquire la Marekani likatoa jalada lenye picha yake, iliyopigwa na Carl Fischer: Ali amesimama katika bukta nyeupe, mikono nyuma, mwili umechomwa mishale. Mpangilio ulitoka katika mchoro wa kale wa Mtakatifu Sebastiano, uliochorwa na Francesco Botticini wa Italia. George Lois, mtungaji wa jalada hilo, alisimulia kwamba Ali, akiwa mwislamu, alisita kwa kuwa mfano ulikuwa wa kikristo, akampigia simu Elijah Muhammad, mkuu wa dini yake, mpaka akapewa ruhusa. Miaka 40 baadaye Fosso akasimama mahali pa Ali, na mishale yote.

Ona mnyororo huo: askari wa Roma, mchoraji wa Italia, mwislamu wa Marekani, mpiga picha wa Bangui. Kila mmoja amemwazima mwenzake mwili. Na katekista yeyote aliyesoma maisha ya watakatifu ataongeza neno moja ambalo watazamaji wengi hawalijui. Mapokeo yanasema kwamba Sebastiano hakufa kwa mishale. Mjane Irene alimkuta angali akipumua, akamwuguza, naye akarudi mbele ya Kaisari kumlaumu. Ndipo alipouawa kwa fimbo. Mishale basi si picha ya kifo chake, ni picha ya yale yaliyoshindwa kumwua. Ali naye alirudi. Na kiwanja alipolirudisha taji lake kilikuwa Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974. Huenda waliomchoma mishale katika gazeti hawakufikiri mbali hivyo. Lakini mfano walioushika ulikuwa na maana kuliko walivyojua. Hii ndiyo faida ya kuegemea hadithi ya kale: huleta zaidi ya ulichoomba.

Mtu asiye na mwili

Katika zile 14 yumo pia Patrice Lumumba. Hatutaki kuamua hapa mabishano ya siasa. Wasomaji wetu wana mawazo yao, na wazee wao walikuwa nayo. Tunasema habari ya picha tu.

Zipo picha za kweli za Lumumba, zilizopigwa alipokamatwa mwezi wa Desemba 1960. Amefungwa mikono nyuma, yumo katika lori, askari wanamshika nywele ili uso wake uonekane na kamera. Hazikuigizwa. Lakini nazo zilipangwa: waliomshika ndio waliochagua uonekane uso wa namna gani. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga, si mbali na mji ambao leo ni Lubumbashi. Mwili wake ukakatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi, pasiwepo kaburi la kuendea. Jino moja lilibaki Ubelgiji, mkononi mwa polisi mmoja aliyeshiriki katika kazi ile. Nalo lilirudishwa kwa jamaa mwezi wa Juni 2022, likawekwa Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huo.

Ninyi mjuao matanga mnajua uzito wake. Mahali pa kulia hapapo, kwa kuwa maiti haipo. Jamaa wakae wapi? Waoshe nini? Miaka 14 kabla ya jino lile kurudi, Fosso alivaa koti, miwani na ndevu kidogo za kidevuni, akakaa kimya mbele ya kamera yake. Hakumfanana Lumumba kabisa; uso wake ni mpana zaidi, na twajua mara moja kwamba huyu ni Fosso. Na hapa ndipo anapompita Day. Day alitaka tumsahau. Fosso hatufichi kwamba ni yeye. Ni kama jirani aliyekuja msibani akasema: Ndugu yenu hana mwili, chukueni huu wangu kwa saa moja, mpate kumtazama machoni. Picha ya kweli ya Desemba 1960 ilikuwa kazi ya watu waliotaka adharauliwe. Picha ya kuigizwa imempa tena uso ambao mwenyewe angeuchagua. Mwenye kusema kwamba ile ya kwanza tu ndiyo ina ukweli, na afikiri tena.

Kisha mwezi wa Februari 2014, wakati wa machafuko ya Bangui, nyumba ya Fosso iliporwa, na filamu zake za miaka mingi zikatupwa nje mavumbini. Waandishi wa habari waliopita hapo waliziokota nyingi. Mtu aliyewatunzia wengine kumbukumbu, karibu apoteze yake.

Pale anapopungua

Haifai kusifu tu. Mwaka 2017 Fosso alitoa mfululizo mwingine, Papa Mweusi, amevaa mavazi ya Baba Mtakatifu. Tunajua kwamba wakristo wengine wamechukizwa. Sisi hatukuona dhihaka: hachezi na mavazi, wala hachekeshi. Anauliza kwa nini bara lenye waamini wengi hivi halijaona mtu wake mweusi juu ya kiti kile. Ni swali la haki. Mwenye kuulizwa aweza kujibu kwamba mapokeo yanawataja Mapapa watatu wenye asili ya Afrika ya Kaskazini, yaani Viktori wa Kwanza, Miltiade na Jelasi wa Kwanza. Lakini hao ni wa zamani sana, na swali labaki.

Kosa letu kwa picha hizi ni jingine. Vazi limemmeza mtu. Katika Mizimu ya Afrika koti moja na macho mawili yalitosha. Hapa dhahabu na hariri ni nyingi mno, nasi twatazama ushonaji. Tena Lumumba, Ali na yule rafiki wa Bangui walikuwa watu, kila mmoja na jeraha lake. Papa huyu ni wazo tu. Hakuna aliyeazimwa mwili. Fosso ana nguvu pale anapomwigiza mtu anayemdai kitu. Anapoigiza cheo, anakuwa mvaaji tu.

Mbegu yetu wenyewe

Msidhani kwamba Kongo haina wenye kazi hii. Bibi Gosette Lubondo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1993, alianza mwaka 2016 mfululizo aliouita Safari ya Kuwazia. Kwanza aliingia katika mabehewa ya reli yaliyoachwa. Baadaye katika shule iliyoachwa huko Gombe-Matadi, Kongo ya Kati. Humo aliweka watu, na mara nyingi yeye mwenyewe, wakikaa kama wasafiri au kama wanafunzi. Baadhi yao waonekana kama kivuli, ukuta ukipita katikati ya miili yao. Hamwigizi mtu mashuhuri. Anawaazima mwili wale ambao hakuna aliyeandika majina yao: watoto waliosoma pale, wakaondoka. Kila aliyepita mbele ya shule ya misheni iliyoota majani darasani ataielewa kazi hii bila kufundishwa.

Tuangalie sana

Neno la mwisho, nalo ni la lazima. Wakati wa ukoloni wapiga picha wengi waliwapanga watu wetu mbele ya kamera, wakachagua wavue nini na washike nini, kisha wakauza karatasi zile Ulaya kana kwamba ndivyo watu walivyokutwa. Hayo pia yalikuwa maigizo, lakini yaliyofichwa. Leo simu zetu hutuletea picha ya maiti wa vita vya mbali, na chini yake pameandikwa jina la kijiji cha jirani. Au picha iliyotungwa na mashine, ambayo hapana mtu aliyepata kusimama mbele yake. Picha kama hizo zaweza kuua, maana mwenye hasira haulizi mara mbili.

Basi, ndugu msomaji, ukiletewa picha, usiulize tu kama imepangwa. Ya Lumumba ndani ya lori ilipangwa, na ya Fosso ilipangwa. Uliza ni nani aliyeazima mwili wake, kwa ajili ya nani, na kama amekubali kusema hivyo wazi. Ukiona jina lake limeandikwa na uso wake haukufichwa, kaa, tazama polepole, sikia anayokuambia. Ukiona hakuna wa kujibu, usiipeleke kwa mwingine. Izime hapohapo mkononi mwako.